MAURICE STOKES NA MWENZAKE

Wapenzi wa mpira wa kikapu katika kambi na vituo vyetu huyajua majina ya nyota wa Marekani wa siku hizi, lakini jina la Maurice Stokes ni wachache mno walisikiao. Twaona inafaa ndugu zetu wa jeshi na polisi wamjue, kwani aliondoka uwanjani akiwa na miaka 24, nyota yake ikiwa bado yapanda.

Marehemu alizaliwa mwezi Juni, 1933, katika mji mdogo wa Rankin, karibu na Pittsburgh, penye viwanda vya chuma. Alisoma Chuo cha Saint Francis huko Loretto, chuo kidogo kisicho na sifa kubwa ya michezo. Mwaka 1955 timu ya chuo hicho ilishika nafasi ya nne tu katika mashindano makubwa ya vyuo mjini New York, na hata hivyo Stokes ndiye aliyechaguliwa kuwa mchezaji bora wa mashindano yote.

Mwaka huo huo aliingia katika mchezo wa kulipwa na timu ya Royals ya Rochester, miaka mitano tu baada ya Waamerika weusi wa kwanza kukubaliwa katika ligi ile. Mechi yake ya kwanza alifunga pointi 32. Alikuwa na urefu wa mita mbili na uzito wa zaidi ya kilo 100, lakini alikimbia na kugawa mipira kama mchezaji mfupi. Msimu wa 1956–57 alidaka mipira 1,256 iliyogonga ubao na kurudi, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa na mtu katika msimu mmoja.

Tarehe 12 Machi, 1958, timu ikiwa imekwisha kuhamia Cincinnati, ilikuwa ikicheza mjini Minneapolis. Stokes aliruka kuelekea kikapuni, akaanguka, kichwa kikapiga sakafu, akazimia. Alinusishwa dawa kali, akazinduka, akarudishwa mchezoni! Leo kila mwuguzi wa kikosi ajua kwamba mtu aliyepigwa kichwani hadi akazimia hapewi tena bunduki siku ile. Siku tatu baadaye alicheza tena huko Detroit, na katika ndege ya kurudi nyumbani akashikwa na kifafa. Alipozinduka, mwili wote ulikuwa umepooza na hakuweza kusema, ingawa akili yake ilikuwa timamu.

Hapo ndipo ilipoonekana hali ya wachezaji wa siku zile. Ligi haikuwa na pensheni, wala bima ya kukidhi gharama za maradhi kama hayo. Msimu ulikwisha, wenzake wakatawanyika makwao. Aliyebaki ni Jack Twyman, mzungu, mwenyeji wa Pittsburgh pia, aliyekuwa akiishi Cincinnati. Ilitakiwa mtu wa kusimamia fedha za mgonjwa kisheria. Twyman, ambaye hajafikia hata miaka 25 na mwenye familia yake mwenyewe, akaenda mahakamani akawa mlezi wake. Alidai fidia ya wafanyakazi katika jimbo la Ohio, akaipata. Kila mwaka aliwakusanya wachezaji wakubwa katika hoteli ya Kutsher, milima ya Catskill, wacheze mechi ya kuchangia matibabu.

Mazungumzo yao ya mwanzo yalikuwa kazi kubwa. Twyman alitaja alfabeti herufi moja moja, na Stokes akapepesa jicho ilipofika herufi aliyoitaka. Kwa mazoezi ya miaka mingi, ambayo twathubutu kusema yalikuwa makali kuliko ya depo yoyote, vidole vyake vilianza kutii, hata akaweza kupiga taipu na kuchora picha.

Wala Twyman hakuacha kazi yake. Msimu wa 1959–60 alifunga wastani wa pointi zaidi ya 31 kwa mechi, huku akiendelea kushughulikia hati na gharama za mwenzake.

Stokes alifariki tarehe 6 Aprili, 1970, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 36, akazikwa Loretto. Mwaka 2004 jina lake liliingizwa katika Jumba la Mashuhuri wa mpira wa kikapu, na aliyesimama kuipokea heshima hiyo kwa niaba yake alikuwa Jack Twyman, mzee wa miaka 70.