Said bin Sultan
Said bin Sultan (1791 – 19 Oktoba 1856) alikuwa mtawala wa Omani na Zanzibar kutoka nasaba ya Al Busaid. Anakumbukwa hasa kwa kueneza kilimo cha karafuu Unguja na Pemba.

Alizaliwa Omani, akashika utawala mwaka 1806. Mkarafuu, ambao asili yake ni visiwa vya Maluku (Indonesia), ulifika Zanzibar mwanzoni mwa karne ya 19. Said aliwaamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi mmoja. Mnamo 1840 alihamishia makao yake Zanzibar. Utajiri wa mashamba hayo ulitokana na kazi ya watumwa walioletwa kutoka bara.

Alifariki baharini karibu na Shelisheli akirudi kutoka Omani. Baadaye milki yake iligawanyika: Thuwaini alitawala Omani, na Majid Zanzibar.

Leo karafuu hulimwa pia Muheza, kwenye Milima ya Usambara. Huko Wawi, Pemba, makonyo yanayobaki baada ya kuchambua karafuu hupikwa kwa mvuke ili kupata mafuta yenye harufu kali, yanayotumika katika manukato, sabuni na dawa za meno.