Muindi Mbingu na Ng'ombe Walionadiwa

Juzi niliwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza Muindi Mbingu alikuwa nani. Wengi walijibu kwamba ni barabara ya Nairobi, ile ipitayo mbele ya Soko la Jiji. Mmoja alidhani ni mfanyabiashara wa zamani aliyekuwa na duka mahali hapo. Sikuwalaumu, kwani hata mimi niliyezaliwa Mwingi, katika nyumba iliyohesabu mali yake kwa mifugo, nilikuwa mtu mzima nilipoanza kumsoma Muindi kwa makini.

Kilichonirudisha kwake safari hii ni ilani. Marehemu baba yangu aliacha ploti katika mji mmoja wa nchi hii, ambao sitautaja, nasi wanawe tukazembea kuilipia kodi. Ilani iliyotufikia ilimtaja marehemu kana kwamba yu hai, na riba iliyoandikwa humo ilikwisha kulishinda deni lenyewe. Dada yangu mkubwa aliuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: ikiwa ploti ni yetu, kwa nini tunailipia kodi? Mimi mwalimu wa isimu nilikimbilia neno. Katika Kiswahili, kodi ni fedha anazolipa mpangaji kwa mwenye nyumba, na kodi hiyo hiyo ndiyo fedha anayolipa raia kwa serikali. Lugha yetu haikuona haja ya kuzitenganisha. Labda wale walioitozwa kwanza hawakuona tofauti.

Muindi alizaliwa Ngelani, katika milima ya Iveti huko Machakos, na kukulia katika kizazi ambacho wazazi wake walitozwa kodi ya nyumba kwa mara ya kwanza. Kodi hiyo ilianzishwa mwaka wa 1901. Mtu alihesabiwa vibanda vyake, na kwa kila kibanda akadaiwa fedha, hata kama fedha zenyewe hakuwa nazo. Alichokuwa nacho ni mbuzi na ng'ombe. Kwa hiyo tangu mwanzo mfugo ndio uliokwenda sokoni ili nyumba ibaki na mwenyewe. Ng'ombe alikuwa benki, alikuwa mahari, alikuwa akiba ya mwaka wa njaa. Na kwetu Mwingi, ambako mvua hukosekana mara nyingi kuliko inavyonyesha, bado hali ni hiyo.

Wakati huo huo nafasi ya kulishia ilikuwa ikipungua. Vilima vya Mua vilikuwa vimekwisha kupewa walowezi, na uwanda wa Yatta ukahesabiwa kuwa ardhi ya Mfalme. Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyotoa ripoti yake mwaka wa 1934, haikuleta mabadiliko ambayo Wakamba waliyatarajia. Mifugo ikabanana katika hifadhi, nyasi zikaisha, udongo ukachukuliwa na maji. Mwaka wa 1937 afisa wa hifadhi ya udongo, Colin Maher, aliandika taarifa kali juu ya hali ya Machakos. Ni lazima tuseme kweli: mmomonyoko aliouona ulikuwapo. Serikali haikuzua.

Kosa lilikuwa katika dawa. Serikali iliamua kwamba ng'ombe ni wengi mno, ikapanga idadi ambayo kila sehemu iruhusiwe kubaki nayo, na waliozidi wakachukuliwa kwa nguvu na kupigwa mnada. Shughuli hiyo iliitwa kupunguza mifugo. Neno kupunguza ni pole sana. Humpunguzia mgonjwa maumivu na msafiri mzigo. Mwenye ng'ombe aliyesimama kando ya boma akitazama fahali wake akiondoka alikuwa na neno jingine. Aidha, wakati huo kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig kilikuwa kimejengwa Athi River, nacho kilihitaji ng'ombe wengi kwa bei ya chini. Mnada ambao muuzaji hana hiari ya kukataa bei si mnada, hata dalali apaze sauti namna gani.

Hapo ndipo Muindi alipojitokeza. Akiwa pamoja na wenzake katika chama kilichoitwa Ukamba Members Association, alizunguka vijijini akiwahimiza watu wasikubali. Alisaidiwa na wanachama wa Kikuyu Central Association, na pia na Isher Dass, Mhindi aliyekuwa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Jomo Kenyatta, akiwa London, aliwatetea Wakamba kwa kalamu. Mwishoni mwa Julai 1938, umati wa wanaume, wanawake na watoto, uliozidi watu elfu moja, ulitoka Machakos ukaenda Nairobi kumwona gavana, Sir Robert Brooke-Popham. Walitaka jambo moja tu, kusikilizwa na mtu mwenye uwezo wa kuamua.

Walipiga kambi Kariokor. Nawaomba walimu wenzangu watue kidogo hapa. Kariokor ni jina la Carrier Corps lilivyotamkwa na midomo ya Waafrika, kile kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya vita vya kwanza vya dunia na kufa kwa maelfu. Watu wa Iveti walilala mahali palipoitwa kwa jina la kundi jingine ambalo serikali ililichukua lilipolihitaji. Walikaa hapo wiki baada ya wiki, kwa utulivu uliowashangaza polisi, ambao wengi wao walikuwa Wakamba. Hilo ndilo lililoitia serikali hofu. Jeshi la King's African Rifles nalo lilijaa vijana wa Ukambani, na vita vya Ulaya vilikuwa vinanukia.

Gavana hakuwapa majibu Nairobi. Mwezi wa Agosti alikwenda Machakos akafanya baraza, wenye ng'ombe nao wakarudi kwao. Muda mfupi baadaye Muindi alikamatwa, akapelekwa Lamu kwa amri, bila kesi. Lakini kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kuwalazimisha watu kuuza ng'ombe, na maswali juu ya jambo hilo yalikuwa yamefika hadi Bunge la Uingereza. Mwaka wa 1940 chama chake kilipigwa marufuku. Mara nyingi najaribu kumwazia mtu wa milimani, mtu wa ng'ombe, akiishi miaka katika mji wa majahazi na vichochoro. Alirudi Ukambani baadaye, akauawa katika miaka ya Hali ya Hatari. Uhuru ulipokuja, barabara ya Stewart ikapewa jina lake.

Msomaji atasema kwamba ng'ombe wa 1938 hawakudaiwa kodi, basi nalinganisha mambo mawili yasiyofanana. Nakubali kwa nusu. Soko halifagiliwi bila fedha, na Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 209, imezipa kaunti haki ya kutoza kodi ya mali. Asiyelipa anamwachia jirani mzigo. Lakini Muindi hakupinga kwamba udongo unaisha. Alihoji nani anapanga bei, nani anasikilizwa kabla mali haijaondoka, na kinachozidi kinakwenda wapi. Maswali hayo hayana umri. Mwaka wa 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mwanamke mwenye umri wa miaka 94 dhidi ya kaunti ya Hennepin, Minnesota. Alidaiwa kodi, riba na faini, jumla yapata dola 15,000. Kaunti ikaiuza nyumba yake kwa dola 40,000, ikatia salio lote mfukoni. Majaji wote tisa walisema kaunti haikuwa na haki ya kushika kilichozidi deni. Nilipoisoma habari hiyo nilikumbuka boma la Iveti.

Kuna jambo jingine ambalo wanafunzi hushangaa wakilisikia. Mwaka wa 1994 watafiti Tiffen, Mortimore na Gichuki walichapisha kitabu kuhusu Machakos ya kuanzia 1930 hadi 1990. Walionyesha kwamba watu waliongezeka mara kadhaa, na bado mmomonyoko ukapungua, kwa sababu wakulima walichimba matuta na kupanda miti. Ardhi iliponywa na wale wale walioambiwa kuwa ndio ugonjwa.

Nasi tuliketi, ndugu wote wanne, tukakubaliana kuuza mafahali wawili. Tuliwapeleka wenyewe sokoni Mwingi. Mnunuzi wa kwanza alitaja bei, tukaikataa. Wa pili akapanda kidogo, tukazungushana naye hadi saa saba mchana. Fedha zilitosha deni na sehemu ya riba. Risiti tuliyopewa ina jina la baba.