Hadhrat Umar r.a. na Deni la Siku Zilizopita

Watu wengi waingiao katika dini wakiwa watu wazima huwa na swali moja wasilolitamka mbele za watu: niyafanyeje yale maovu niliyoyatenda zamani? Katika nyanda za juu za kusini swali hili lina mizizi mirefu. Katika karne ya 19 Wahehe na Wasangu walipigana vita vikali wakatekana, na wapo ndugu zetu wa Iringa na Mbeya waliozaliwa katika koo za walioteka na za waliotekwa. Basi, ndugu msomaji, tuyatazame maisha ya mtu mmoja aliyelibeba swali hilo hadi kaburini.

Umar bin Khattab alizaliwa Makka katika ukoo wa Adi, miongoni mwa Makureshi. Alikuwa na nguvu na hasira. Kabla ya kusilimu alikuwa akimpiga kijakazi mmoja Mwislamu ili aiache dini yake, na alipomwacha, alimwacha kwa kuchoka tu, si kwa huruma. Hadhrat Abubakar r.a. ndiye aliyemnunua mwanamke huyo akampa uhuru.

Yapata mwaka 616 alishika upanga akaenda kumwua Mtume s.a.w. Njiani akaambiwa kuwa dada yake Fatima na shemeji yake wamekwisha silimu. Akageukia nyumbani kwao, akampiga dada yake hata damu ikamtoka. Wasimulizi hupenda kuusimulia upanga; mimi naona jambo kubwa ni ile damu. Alipoiona, aliona haya, akaomba kusomewa walichokuwa wakikisoma, nacho kilikuwa Sura Taha. Siku ile ile akasilimu.

Alijua kwamba Uislamu hufuta yaliyotangulia. Hata hivyo hakujisamehe upesi. Mwaka 628, katika mapatano ya Hudaibiya, Waislamu walikubali kurudi bila kufanya umra, na Abu Jandal aliyekimbia Makka akiwa na minyororo akarudishwa kwa baba yake. Umar akabishana na Mtume s.a.w. kwa maneno aliyoyajutia. Baadaye alisimulia mwenyewe kwamba hakuacha kutoa sadaka, kufunga, kusali na kuacha huru watumwa, kwa kuyaogopa maneno ya siku ile. Tazama: mkono uliompiga kijakazi sasa unatoa mali ili watumwa wawe huru.

Akawa Khalifa mwaka 634. Usiku mmoja alikuwa akiulinda msafara wa wafanya biashara uliolala nje ya Madina, akasikia mtoto akilia. Akamwendea mama yake mara tatu. Mwishowe mama, asiyemjua, akaeleza kwamba anamwachisha ziwa kabla ya wakati, kwa kuwa Umar hatoi posho ila kwa mtoto aliyekwisha achishwa. Asubuhi alipokuwa akisalisha alilia hata watu hawakukipambanua kisomo chake. Alijihesabia kuwa ameua watoto wa Waislamu kwa amri yake. Hapo hapo akatangaza kwamba posho itatolewa tangu siku mtoto anapozaliwa.

Usiku mwingine wa baridi, akiwa na mtumishi wake Aslam, aliona moto mbali. Alikuwepo mwanamke, watoto wake wakilia kwa njaa, na chunguni mlikuwa na maji tu ya kuwatuliza hata walale. Mtu aliyelala Makete mwezi wa Juni anajua njaa na baridi vinavyoshirikiana. Umar akakimbilia ghala, akatoa gunia la unga na mafuta, akataka atwikwe yeye mwenyewe. Aslam akaomba kumpokea. Akakataa, kwani Siku ya Kiyama Aslam hangembebea mzigo wake. Akapika mwenyewe, moshi ukipenya katika ndevu zake, wala hakuondoka mpaka alipowaona watoto wakicheka.

Katika njaa kuu ya mwaka 639 alijinyima samli na nyama mpaka watu wapate, ngozi yake ikageuka rangi.

Mwaka 644 alichomwa kisu akiwa katika sala ya alfajiri. Watu wakamsifu. Yeye akatamani tu atoke sawasawa, asidai wala asidaiwe. Akamwamuru mwanawe Abdallah amlaze shavu juu ya ardhi. Kisha akauliza madeni yake ni kiasi gani. Yakahesabiwa yakawa kama 86,000, naye akaagiza yalipwe kwa mali ya jamaa zake, na isipotosha, ukoo wa Adi uombwe usaidie.