Zaburi ya Zamu: Maisha ya Johannes Rebmann

Sabato Mchana

*Soma kwa ajili ya somo la juma hili:* Zaburi 111, Kumbukumbu la Torati 6:6–9, Ayubu 1:20–22, Zekaria 4:10, Luka 17:11–19, 1 Wakorintho 3:6–8.

*Fungu la kukariri:* 1 Wathesalonike 5:18.

Katika nyumba nyingi za Ilembula, Njombe na Makambako, siku huanza kwa mambo yale yale. Moto huwashwa, maji huchotwa, watoto huandaliwa kwenda shule, na jembe huchukuliwa kwenda shambani. Nyumba ya Kikristo huongeza jambo moja: Kesha la Asubuhi husomwa, wimbo mmoja huimbwa kutoka Nyimbo za Kristo, na sala hutolewa. Siku nyingi hakuna ajabu linaloonekana. Mtoto husinzia, baba ana haraka, mama anasikiliza chungu kisije kikafurika. Ni rahisi kufikiri kwamba imani ya kweli iko mahali pengine, kwenye makambi au kwenye mahubiri makubwa.

Juma hili tunaangalia maisha ya mtu ambaye jina lake liko katika vitabu vya historia kwa sababu ya mlima mmoja, ilhali sehemu kubwa ya maisha yake ilipita katika nyumba moja, juu ya kilima kimoja, akifanya kazi ile ile kila siku. Huyo ni Johannes Rebmann. Hakuwa Mwadventista, wala hakuijua kweli ya Sabato kama tunavyoijua leo. Lakini Mungu alimtumia kulitangulia Neno katika nchi yetu, na nyumba zetu zina la kujifunza kwake.

Jumapili: Mtoto wa Walima Mizabibu

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 katika kijiji cha Gerlingen, katika Württemberg, Ujerumani. Watu wa kwao walikuwa wakulima, walima mizabibu. Katika nchi ile ya Württemberg kulikuwa na Wakristo wengi waliosisitiza kwamba dini isiishie kanisani. Biblia isomwe nyumbani na sala iwe desturi ya kila nyumba. Hapo ndipo kijana huyu alipokulia.

Alisoma katika chuo cha misheni cha Basel, Uswisi, kisha Islington, London. Shirika la misheni la Kanisa la Uingereza likamtuma Afrika Mashariki, naye akafika Mombasa mwezi wa Juni 1846.

Aliyempokea alikuwa Johann Ludwig Krapf, naye pia kutoka Württemberg. Krapf alikuwa ameishi Mombasa miaka miwili akiwa mjane. Mke wake, Rosine, alikufa kwa homa mwezi wa Julai 1844, miezi michache tu baada ya kufika pwani, na mtoto wao mchanga wa kike akamfuata baada ya siku chache. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo Rebmann alikutana nalo katika kazi yake mpya lilikuwa kaburi la mama na mtoto.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule, wote wawili wakihangaishwa na homa, walihamia Rabai, juu ya vilima nyuma ya Mombasa. Wakajenga kibanda kwa mikono yao wenyewe, leo wakifanya kazi na kesho wakilala wagonjwa.

*Soma Kumbukumbu la Torati 6:6–9. Mungu anataja saa gani za siku na sehemu gani za nyumba? Kwa nini hakutaja hekalu hapo?*

Jumatatu: Zaburi Iliyofika kwa Zamu

Tarehe 27 Aprili 1848 Rebmann aliondoka Rabai kwenda Uchaga. Aliongozwa na Bwana Kheri, pamoja na wapagazi wanane. Hakubeba bunduki, alibeba mwavuli.

Asubuhi ya tarehe 11 Mei aliona kitu cheupe juu ya kilele cha mlima mrefu. Akamwuliza kiongozi wake ni kitu gani kile. Jibu lilikuwa neno moja tu, neno ambalo kila mtu wa Njombe analijua vizuri mwezi wa Juni na wa Julai: baridi. Rebmann akatambua kwamba anaona theluji, karibu kabisa na ikweta. Mlima ule ulikuwa Kilimanjaro, naye akawa Mzungu wa kwanza kuleta habari zake kwa maandishi.

Jambo alilofanya baadaye siku ile linatajwa mara chache. Walipopumzika, alifungua Biblia yake. Alikuwa na desturi ya kusoma Zaburi kwa kufuatana, moja baada ya nyingine, na zamu ya siku ile ilikuwa Zaburi ya 111. Hakuitafuta ili ifanane na mlima. Ilikuwa imefika kwa zamu yake. Ni zaburi ya shukrani, inayotafakari ukuu wa matendo ya Bwana. Akaisoma huku theluji ya Kilimanjaro ikiwa mbele ya macho yake, na ahadi zake zikamgusa mara mbili zaidi.

Kama Rebmann angesoma Biblia siku za matukio makubwa peke yake, zaburi ile isingemkuta pale. Ilimkuta kwa sababu alikuwa amesoma ya 110 kabla yake, na ya 109, katika siku ambazo hapakuwa na mlima wowote. Angalia pia mstari wa 5. Zaburi inayosifu matendo makuu ya Mungu inataja chakula ambacho Bwana huwapa wamchao. Mlima na ugali vimo katika wimbo mmoja wa shukrani.

*Soma Zaburi 111. Orodhesha mambo ambayo mwandishi anamshukuru Mungu kwa ajili yake. Ni yapi ambayo nyumba yako imeyapata juma hili?*

Jumanne: Shukrani Isipoaminiwa

Habari za theluji zilichapishwa Uingereza mwaka 1849. Wapo waliofurahi, lakini mtaalamu mmoja wa jiografia wa London, William Desborough Cooley, alizipinga kwa dhihaka. Yeye mwenyewe hakuwahi kufika Afrika Mashariki, lakini alisema kwamba mmisionari yule alidanganywa na macho yake. Mkulima wa Njombe aliyewahi kukuta umande umeganda juu ya viazi vyake angeweza kumwambia kwamba Afrika nayo ina baridi yake.

Mwaka ule ule wa 1849 Rebmann alifanya safari ya tatu Uchaga, akitumaini kupita hadi Unyamwezi. Mangi Mamkinga wa Machame alimchukulia mali yake kidogo kidogo, mpaka ile iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya safari ndefu ikaisha. Rebmann alilia machozi. Akarudi Rabai akiwa mgonjwa, mikono mitupu.

Ilikuwa mpaka mwaka 1861 ndipo Baron Karl Klaus von der Decken alipofika Kilimanjaro na kuthibitisha kwamba theluji ipo. Kwa zaidi ya miaka 10 Rebmann alikuwa ameishi kama mtu aliyesema kweli asisadikiwe na wenye elimu. Hakuyafanya mabishano yale kuwa kazi yake. Alirudi kwenye kilima chake, kwenye maneno ya lugha za watu na mafundisho yake.

Shukrani inayongoja kusifiwa na watu haiwezi kuishi katika familia. Mama anayepika kila siku huenda asisikie neno la asante mwezi mzima. Baba huuza gunia la mahindi Makambako, fedha zote zikaenda kwenye ada, na hakuna anayeona ila Mungu.

*Soma Luka 17:11–19. Tisa walipokea yale yale aliyopokea yule mmoja. Tofauti yao ilikuwa nini? Ni nani nyumbani kwako ambaye hajashukuriwa kwa muda mrefu?*

Jumatano: Nyumba ya Kisuludini

Mwaka 1851 Rebmann alisafiri mpaka Misri, na huko akamwoa Emma Tyler, mjane Mwingereza aliyekuwa katika kazi ya misheni Cairo. Wakarudi pamoja na kuishi Kisuludini, karibu na Rabai. Mungu akawapa mtoto wa kiume. Aliishi siku chache tu. Hawakupata mwingine.

Kwa watu wa ndoa, hapo ndipo imani hupimwa. Wageni waliokuja kumpongeza mama huja tena kumpa pole, na nyumba hubaki kimya. Emma angeweza kudai arudishwe kwao. Rebmann naye alikwisha kuona kaburi la Rosine na mtoto wake. Alijua nchi ile ilivyokula familia za wamisionari. Walibaki. Kwa miaka 15 Emma alikuwa mke wa nyumba ile, hadi alipofariki mwaka 1866.

Hatuna haja ya kuwafanya malaika. Rebmann alikuwa mtu mkimya, na baadhi ya wenzake walimwona amejitenga mno. Krapf alitamani mfululizo wa vituo vya misheni kukata bara zima; Rebmann aliona heri kukaa mahali pamoja. Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walimtembelea kabla ya safari yao ya kutafuta maziwa makuu, lakini hakwenda nao. Alibaki na mke wake na kazi yake. Mwaka ule ule vita vya Wamasai viliwafukuza kilimani, wakakimbilia pwani. Baadaye walirudi kilimani.

Biblia haisemi tushukuru *kwa ajili ya* kifo cha mtoto. Inasema tushukuru katika kila jambo. Ayubu alirarua joho lake kwanza, akaanguka chini, kisha akasujudu. Machozi hayakufuta ibada, wala ibada haikukataza machozi.

*Soma Ayubu 1:20–22. Je, familia iliyofiwa inaweza kuendelea na ibada ya nyumbani bila kujifanya haina huzuni? Kanisa liisaidieje?*

Alhamisi: Siku ya Mambo Madogo

Rebmann alikaa Afrika Mashariki karibu miaka 29 bila kurudi Ulaya hata mara moja. Walioamini walikuwa wachache sana. Wa kwanza, Mringe, alikuwa kilema, akabatizwa na Krapf mwaka 1851 akiwa karibu kufa. Baadaye akaamini Abe Gunja, na nyumbani mwa mzee huyo akatoka kijana, Isaac Nyondo.

Kazi nyingine ya Rebmann ilikuwa maneno. Alikaa na mtumwa aliyeitwa Salimini, aliyetoka nchi za Ziwa Nyasa, lile ziwa ambalo linapakana na mkoa wa Njombe. Neno baada ya neno, Salimini alimfundisha lugha ya kwao, na Rebmann akaandika kamusi. Alitafsiri pia Injili ya Luka kwa Kiswahili cha Mombasa. Ni kazi ya kuketi na kuuliza. Kesho kuketi tena na kuuliza.

Kuandika huko kulihitaji macho, na macho yake yakafifia. Sir Bartle Frere alipotembelea mwaka 1873 alimkuta mjane aliye karibu kuwa kipofu. Mwaka 1875 Rebmann aliondoka hatimaye, na aliyemshika mkono njia yote mpaka Ulaya alikuwa Isaac Nyondo. Rebmann hakuwa na mwana wa kumzaa wa kumwongoza, lakini katika nyumba aliyoitembelea kwa Injili miaka mingi, Mungu alikuwa amemlelea mwana.

Luka ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1876. Rebmann akafariki Korntal, Ujerumani, tarehe 4 Oktoba mwaka ule ule. Kamusi ya lugha ya Salimini ilitoka mwaka 1877, Krapf akiisimamia. Mwandishi wake hakuiona.

*Soma Zekaria 4:10 na 1 Wakorintho 3:6–8. Ni kazi gani ndogo unayoirudia kila siku ambayo huenda matunda yake usiyaone?*

Ijumaa: Kwa Kujifunza Zaidi

Mwaka 1903 wamisionari wa kwanza Waadventista, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walifika Tanga na kupanda kwenda Milima ya Upare. Hewa inapokuwa safi, toka Upare huonekana mlima ule ule wenye theluji. Walikuta nchi ambayo wengine walikwisha kuilimia kwa machozi, na lugha ya Kiswahili ambayo ilikwisha kuanza kubeba Injili kwa maandishi. Kila familia inayofungua Biblia ya Kiswahili leo jioni, kuipokea Sabato, inakula tunda la miti ambayo watu kama Rebmann na Salimini walikuwa miongoni mwa walioipanda.

Basi ibada ya nyumbani isidharauliwe kwa kuwa ni fupi, au kwa kuwa mtoto amesinzia. Nyumba inayosoma kwa zamu siku za kawaida itakuwa na zaburi mkononi siku ya mlima, na pia siku ya kaburi.

*Maswali ya kujadili:*

1. Katika darasa lenu, kila mmoja ataje jambo moja la nyumbani, dogo kabisa, ambalo anamshukuru Mungu kwalo juma hili. Kwa nini wakati mwingine ni vigumu kulitaja mbele ya mume, mke au watoto wenyewe?

2. Krapf alipenda kwenda mbali. Rebmann alipenda kukaa. Kanisa linahitaji watu wa aina zote mbili. Je, tunawathamini sawa? Toeni mifano.

3. Familia ambayo imeacha ibada ya asubuhi na jioni kwa sababu ya kazi za shamba, biashara au safari inaweza kuanza tena vipi? Jadilini hatua moja ambayo inawezekana kuanza kesho jioni, Sabato inapokwisha.

4. Nyondo alimwongoza mzee aliyepofuka. Ni mzee gani wa kanisa lenu ambaye sasa anahitaji mkono wa kijana aliyefundishwa naye?