Sake Dean Mahomed, mkandaji aliyeaminiwa na wafalme wa Uingereza

Ukiwa Edgware Road, mtaa ambao sie watu wa Ghuba tunaujua vizuri kila likizo ya joto, ingia George Street. Kwenye namba 102 utakuta kibao cha kijani kilichowekwa mwaka 2005. Kinasema hapo ndipo ulipokuwa mkahawa wa kwanza wa Kihindi London, mali ya Sake Dean Mahomed. Hakisemi kwamba jina lake lilivuma zaidi kwa kukanda watu viungo kuliko kwa mchuzi.

Nimeanza kumfuatilia kwa sababu ya neno moja. Shampuu tunayooshea nywele jina lake limetoka Kihindi, na asili yake ni kukanda. Mzee huyu ndiye aliyelitangaza Uingereza, wakati halina uhusiano wowote na sabuni.

Alizaliwa Patna, India, mwaka 1759, katika familia ya Kiislamu. Baba yake alikuwa askari wa Kampuni ya India Mashariki, akafa kazini mtoto bado mdogo. Kijana akamfuata ofisa mmoja, Godfrey Baker, na mwaka 1784 wakahamia Cork, Ireland. Huko alimuoa Jane Daly, na kwa ajili ya ndoa hiyo akaingia kanisa la Kianglikana. Mwaka 1794 akatoa kitabu cha safari zake, kitabu cha kwanza cha Mhindi kwa Kiingereza.

Baadaye akaja London, akafanya kazi kwa Basil Cochrane, tajiri aliyerudi kutoka India na kuweka hamamu ya mvuke nyumbani kwake Portman Square. Mwaka 1810 akafungua mkahawa wake George Street, na vyakula vya Kihindi na buruma za kuvutia. Wageni walikuja, lakini fedha hazikutosha. Mwaka 1812 akafilisika. Mtu wa miaka zaidi ya hamsini, ana mke na watoto, akabidi aombe kazi ya utumishi majumbani.

Basi mwaka 1814 akahamia Brighton, mji wa pwani ambako matajiri wa London walikwenda kutafuta afya, akaanza upya kwa mikono yake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mgonjwa anakaa kwenye mvuke wenye dawa za majani mpaka jasho limtoke. Kisha anawekwa ndani ya hema dogo la kitambaa cha sufi lenye mikono. Mkandaji yuko nje, anaingiza mikono yake humo, anakanda mabega, mgongo na magoti. Misuli ikishapata joto inalegea, na mkono unaweza kufika penye kidonda cha maumivu bila kumtesa mtu.

Jambo hili kwetu si geni. Unguja kuna Hamamni, aliyoijenga Seyyid Barghash. Bibi yangu alikuwa akipasha mafuta ya nazi, anakuanza shingoni, anashuka taratibu mpaka kiunoni. Lakini kwa Waingereza wa zama zile, kuvua nguo na kukandwa na mtu mgeni, tena Mhindi, kulikuwa kichekesho. Wengi walimcheka.

Yeye hakugombana nao. Waliopona walimwachia magongo yao na barua za shukrani, naye akazionyesha kwa kila anayeingia. Mwaka 1822 akachapisha kitabu kizima kuhusu tiba yake. Ndani yake alijiongezea miaka kumi ya umri na kudai kwamba alisomea udaktari, jambo ambalo wanahistoria wamelikataa. Sifa ya mikono yake, hata hivyo, ilikuwa ya kweli: Mfalme George wa Nne alimteua mkandaji wake, na William wa Nne naye akafanya vivyo hivyo. Mwanawe Horatio akaja kuendesha tawi London, mtaa wa Ryder, St James's.

Mwisho wake haukuwa wa raha. Mshirika wake alipofariki, jengo la Brighton likapigwa mnada, na mzee hakuwa na fedha za kulinunua. Alifariki Februari 1851. Mjukuu wake, Frederick Akbar Mahomed, akawa daktari wa Guy's Hospital hapa London, akajulikana kwa utafiti wa shinikizo la damu.

Jamani, nasema haya kwa sababu nyumba zetu nyingi, Maskati hata Dubai, zimejaa watu wenye maumivu ya shingo na mgongo kwa kuinamia simu na kukaa garini. Kukanda kunalegeza misuli na kunakupa nafasi ya kujinyoosha, ila mgongo haukai sawa kama hutembei na hubadilishi ukaaji. Na maumivu yakija na ganzi ya mguu au homa, huyo ni wa daktari kwanza.

La pili, wakandaji India walikuwa maelfu kabla yake. Tunamjua yeye kwa sababu aliandika. Kama nyumbani kwako yupo mama au bibi anayejua kukanda, kaa naye, muulize anaanzia wapi, anatumia mafuta gani, mtu gani hamgusi. Kisha yaandike.