Sikio la Sungura na Claude Bernard

Lugha yetu ina neno moja lililobebeshwa mzigo mkubwa, nalo ni mshipa. Damu hupita katika mshipa, maumivu nayo husafiri katika mshipa, na mzee akisema ana mshipa huenda ngiri ndiyo inayomsumbua. Wataalamu wa istilahi walijaribu kupunguza mzigo huo kwa kutuletea neva, ateri na vena, na baadhi ya walimu wa biolojia wameyapokea kwa shingo upande. Sitaki leo kuufufua ubishi huo. Nataka kumsimulia mtu aliyeonyesha, kwa kisu na sungura, kwamba mshipa wa fahamu humwamrisha mwenzake wa damu lini ajibane na lini alegee.

Mtu huyo si mwingine ila Claude Bernard. Alizaliwa mwaka 1813 katika kijiji cha Saint-Julien, Ufaransa, kwa wazazi waliolima mizabibu. Katika ujana wake aliwekwa kwenye duka la dawa karibu na Lyon, akawa anafagia, anaosha chupa na kuchanganya theriaki, dawa iliyosadikiwa wakati ule kuponya karibu kila ndwele. Moyo wake haukuwa dukani. Aliandika mchezo wa kuchekesha, kisha akatunga tanzia, akaitia mkobani na kushika njia ya Paris mwaka 1834. Mhakiki mashuhuri, Saint-Marc Girardin, aliisoma tanzia hiyo akamshauri kijana atafute kwanza kazi ya kumlisha. Kwa kuwa alikwisha kuonja dawa, basi asomee utabibu. Sisi wa fasihi tulimpoteza mtunzi wa wastani, na nadhani hasara hiyo tunaweza kuistahimili.

Asidhani msomaji kwamba chuoni aling'ara. Katika mtihani wa kuwania nafasi za hospitali mwaka 1839, alikuwa wa 26 kati ya 29 waliofaulu. Mwaka 1844 aliwania nafasi ya kufundisha chuoni, akashindwa. Kilichomwokoa ni mikono yake. Mwalimu wake, François Magendie, aliiona ilivyokuwa hodari katika upasuaji, akamfanya msaidizi katika Collège de France tangu 1841. Hata hivyo msaidizi hakuwa na kipato cha maana, na Bernard alikaribia kurudi kijijini awe daktari wa mashambani. Mwaka 1845 alimwoa Fanny Martin, binti wa daktari. Kwa desturi ya huko enzi hizo mahari ilitoka upande wa mke, nayo ndiyo iliyomwezesha kuendelea na utafiti katika chumba chenye giza na unyevunyevu. Neno hilo la mahari tuliweke akilini.

Sasa tufike kwenye sungura. Enzi hizo mnyama huyu alihesabiwa katika kundi moja na panya. Wataalamu walimtenga rasmi mwanzoni mwa karne ya 20. Faida yake kwa mtafiti ni sikio, ambalo ni refu na jembamba, nalo likiwekwa mbele ya mwanga, mishipa ya damu huonekana waziwazi. Mnamo 1851 Bernard alikata neva ya upande mmoja wa shingo ya sungura. Yeye aliamini kwamba neva huchochea joto la mwili, hivyo alitarajia sikio la upande ule lipoe. Halikupoa. Lilipata joto, likawa jekundu, na mishipa yake ikatanuka kwa wingi wa damu, ilhali sikio la pili lilibaki vilevile.

Hapa ndipo ninapowalaumu walimu wenzangu, nami nikiwemo. Mwanafunzi wetu huandika daftarini kwamba mishipa ya damu hujibana wakati wa baridi na kutanuka wakati wa joto, akakariri, akapita mtihani. Hakuna anayemwambia kwamba aliyefungua njia ya elimu hiyo alikuwa akitazamia kinyume chake, wala kwamba hata baada ya kuliona sikio hakuelewa upesi. Kwa muda aling'ang'ania kwamba siri ilikuwa katika joto lenyewe. Mwaka 1852 Charles-Édouard Brown-Séquard, aliyekuwa Marekani, alionyesha kwamba neva hiyo ikisisimuliwa kwa umeme, mishipa hujibana na sikio hupoa. Bernard naye alifikia jambo hilohilo mwaka huohuo. Ikawa dhahiri kwamba neva huishikilia misuli iliyo katika kuta za mshipa, na ikikatwa misuli hulegea. Mwaka 1858, akichunguza tezi ya mate ya mbwa, Bernard akaongeza kwamba zipo neva nyingine ambazo kazi yake ni kutanua.

Uchunguzi wa leo wa shinikizo la damu, kwa panya waliozalishwa Kyoto tangu 1963 wakiwa na maradhi hayo kwa kurithi, unasimama juu ya msingi huo.

Nyumbani mambo yalikuwa mengine. Mbwa na sungura wengi walipasuliwa wakiwa hai, na mara nyingi bila ganzi. Fanny hakuvumilia. Watoto wao wa kiume walifariki wakiwa wachanga. Mabinti wawili waliobaki walishikamana na mama yao, na wote watatu wakaingia katika harakati za kuwatetea wanyama. Mahari yake ndiyo iliyokuwa imenunua visu. Walitengana yapata 1870, wakati Bernard alikwisha kuwa mwanachama wa Akademia ya Ufaransa na seneta. Mimi siwezi kumhukumu mke huyo kwa ujinga, kama wafanyavyo baadhi ya waandishi wa wasifu wa Bernard. Bernard alijua vyema maumivu ni nini: yeye ndiye aliyeonyesha kwamba sumu ya kurare humlemaza mnyama asiweze kujitikisa, lakini haimwondolei hisi.

Alifariki tarehe 10 Februari 1878, akazikwa kwa gharama ya serikali, heshima ambayo mwanasayansi wa Ufaransa hakuwa amepewa kabla yake. Kiti chake katika Collège de France kilikaliwa mwaka huohuo na Brown-Séquard, yule mshindani wake wa sikio la sungura, mzaliwa wa Port Louis, kisiwani Mauritius, katika Bahari hii hii ya Hindi.