Tipu Sultan wa Mysore: Mfalme Aliyetegemea Ugomvi wa Wengine



Wanafunzi wetu wapenzi, pamoja na wazazi mnaosoma jarida hili nyumbani, katika darasa la tarekh tunasoma sana habari za Makka, Madina, Baghdad na Andalusia. Waislamu wa India tunawapitia haraka haraka. Mwaka huu tumeona tuwaletee maisha ya mtawala mmoja wa huko ambaye umri wake wote ulipita katikati ya vita vya Waingereza na Wafaransa. Hakuwa Mwingereza wala Mfaransa, lakini ugomvi wao ndio uliompandisha, na ndio uliomwangusha.

KUZALIWA NA MALEZI

Tipu alizaliwa mwaka 1750 huko Devanahalli, karibu na Bangalore, kusini mwa India. Alipewa jina la walii Tipu Mastan, aliyezikwa katika mji wa Arcot. Baba yake, Hyder Ali, alikuwa askari asiyejua kusoma wala kuandika. Kwa ushujaa na akili alipanda daraja mpaka mwaka 1761 akashika hatamu za dola ya Mysore, na raja wa Kihindu aliyekuwapo akabaki mfalme wa jina tu.

Kwa kuwa yeye hakusoma, Hyder hakutaka mwanawe akose alichokikosa yeye. Alimtafutia walimu wa Qur'ani, fiqhi na lugha ya Kiajemi, na wengine wa kumfundisha kupanda farasi na kulenga shabaha. Mambo ya vita vya kisasa Tipu aliyapata kwa maofisa wa Kifaransa waliokuwa wameajiriwa na baba yake.

KAMPUNI MBILI, PWANI MOJA

Wafaransa hao walifikaje Mysore? Wakati huo Uingereza na Ufaransa kila moja ilikuwa na kampuni ya biashara India. Kampuni hizo zilikuwa na ngome, mizinga na majeshi. Waingereza walikaa Madras, Wafaransa Pondicherry, miji miwili ya pwani moja. Kila wafalme wao walipogombana Ulaya, moto uliwaka na huku. Katika vita vya mwaka 1756 hadi 1763 Wafaransa walishindwa. Pondicherry ilitekwa mwaka 1761, na waliporudishiwa baada ya sulhu nguvu zao zilikuwa zimekwisha. Baadhi ya maofisa na mafundi wao wakatafuta kazi kwa watawala wa India, na Hyder akawapokea.

Mwaka 1767 Hyder alianza kupigana na Waingereza, na Tipu, kijana wa miaka 17, aliongoza wapanda farasi mpaka karibu na Madras. Mwaka 1769 pande mbili zilifunga mkataba wa kusaidiana ikiwa mmoja atashambuliwa. Baadaye Wamaratha, majirani wa kaskazini, waliposhambulia Mysore, Waingereza hawakutoa msaada. Hyder hakuwasamehe tena.

Mwaka 1778 Ufaransa iliingia vitani kuwasaidia Wamarekani waliokuwa wakipigania uhuru. Marekani ni mbali na India, lakini vita hivyo vilifika. Waingereza waliiteka tena Pondicherry, na mwaka 1779 wakaichukua Mahé, bandari ndogo ambayo silaha za Mysore zilikuwa zikipitia. Hyder akatoka na jeshi lake. Tarehe 10 Septemba 1780, huko Pollilur, yeye na Tipu walikizingira kikosi cha Kanali William Baillie, chenye askari zaidi ya 3,000, wakakivunja kabisa. Roketi za Mysore, zilizotengenezwa kwa bomba la chuma, ziliwatia hofu Waingereza. Miongoni mwa waliotekwa siku hiyo alikuwamo ofisa kijana aitwaye David Baird, aliyefungwa karibu miaka minne. Msomaji alikumbuke jina hilo.

AMANI ILIYOMWACHA PEKE YAKE

Hyder alifariki Desemba 1782, vita vikiendelea, na Tipu akarithi dola. Wafaransa walikuwa upande wake, kwa manowari baharini na askari nchi kavu. Alipokuwa ameizingira Mangalore, mwaka 1783, habari zilifika kwamba Uingereza na Ufaransa wamepatana huko Ulaya. Maofisa wa Kifaransa waliokuwa naye wakaweka silaha chini, kwa amri ya wakubwa wao. Wafalme wawili walimaliza ugomvi wao, wala hakuna aliyemshauri Tipu. Aliendelea peke yake mpaka ngome ikasalimu amri, na Machi 1784 akafunga mkataba wa Mangalore na Waingereza, kila upande ukirudisha ulichoteka.

Hilo lilikuwa onyo la kwanza, lakini Tipu aliendelea kutumaini msaada wa mbali. Alipeleka ujumbe kwa Sultani wa Uturuki, ukapitia Maskati na Basra. Sultani aliwapokea kwa heshima, lakini alikuwa na vita na Urusi na hakutaka kuwaudhi Waingereza. Ujumbe mwingine ulikwenda Ufaransa, na Agosti 1788 mfalme Louis XVI aliwakaribisha Versailles. Watu wa Paris walijazana kuwatazama kwa mavazi yao. Msaada haukupatikana, kwa sababu hazina ilikuwa tupu, na mwaka uliofuata mapinduzi yakaanza.

KAZI ZAKE NA MAKOSA YAKE

Nyumbani Tipu alikuwa mtendaji. Alianzisha ufugaji wa viwavi wa hariri, na mpaka leo sehemu hiyo ya India inasifika kwa hariri. Aliweka nyumba ya biashara Maskati ya kuuza bidhaa za nchi yake. Alikuwa na maktaba ya vitabu wapatao 2,000, na aliandika ndoto zake kwa mkono wake mwenyewe.

Tarekh ya kweli haifichi upande wa pili. Aliyatunza mahekalu kadhaa ya raia wake Wahindu, na mwaka 1791, Wamaratha walipoipora nyumba ya ibada ya Sringeri, yeye ndiye aliyetoa mali ya kuitengeneza. Lakini watu wa Coorg na Malabar walipomwasi aliwahamisha kwa maelfu, na wengine wakasilimishwa kwa nguvu. Dini yetu imekataza kumlazimisha mtu imani, na mtawala Mwislamu akikosea, kosa linabaki kosa. Watu wa huko hawajasahau mpaka leo.

Mwisho wa mwaka 1789 alishambulia Travancore, nchi iliyokuwa na urafiki na Waingereza. Jemadari wa Waingereza sasa alikuwa Lord Cornwallis, yule aliyesalimu amri mbele ya Wamarekani na Wafaransa mwaka 1781. Aliwaunganisha Wamaratha na Nizam wa Hyderabad, mtawala Mwislamu, na wote watatu wakamzunguka Tipu. Wafaransa hawakuja. Machi 1792 Tipu alitoa nusu ya nchi yake, akakubali kulipa rupia zaidi ya milioni 30, na akawatoa wanawe wawili wadogo wawe rehani mpaka deni lilipwe. Watoto hao walirudi kwa baba yao mwaka 1794.

SIKU YA MWISHO

Uingereza na Ufaransa zilikuwa vitani tena tangu 1793. Tipu alituma wajumbe wa siri Mauritius, iliyokuwa mikononi mwa Wafaransa, kuomba jeshi. Gavana wa huko, Januari 1798, akatoa tangazo la hadhara la kutafuta watu wa kujitolea! Siri ikawafikia Waingereza, na waliokuja kumsaidia Tipu walikuwa wapatao mia moja tu.

Mwaka huo huo Napoleon aliivamia Misri. Waingereza waliogopa asije akaungana na Tipu. Mwezi wa Oktoba walifunga mkataba na Sayyid Sultan bin Ahmad wa Maskati, baba wa Sayyid Said aliyekuja kuhamia Zanzibar, ili Wafaransa wasipate nafasi huko. Napoleon alimwandikia Tipu barua kutoka Cairo, lakini ilianguka mikononi mwa Waingereza. Manowari zake zilikuwa zimekwisha kuteketezwa, na njia ya India hakuwa nayo.

Mwaka 1799 majeshi ya Waingereza na ya Nizam yaliuzingira Srirangapatna, mji mkuu wa Mysore, uliokuwa kisiwani katika mto Kaveri. Mizinga ikabomoa ukuta. Mchana wa tarehe 4 Mei, mwishoni mwa Mfunguo Pili 1213 Hijria, askari walivuka mto. Aliyewaongoza alikuwa David Baird, yule mfungwa wa miaka iliyopita. Tipu alikuwa mezani. Aliacha chakula, akaenda ukutani, akapigana pamoja na askari wake mpaka akauawa. Jioni maiti yake ilipatikana chini ya maiti nyingine, karibu na lango. Kesho yake alizikwa kando ya baba na mama yake.

Vitabu vyake viligawanywa, vingine vikapelekwa London. Roketi zake nazo zilichunguzwa Uingereza, wakatengeneza za kwao, na mwaka 1806 wakazirusha juu ya mji wa Boulogne, katika nchi ya Ufaransa. Silaha za mtu aliyewategemea Wafaransa zikawarudia Wafaransa wenyewe.

MAFUNZO

Kwanza, Hyder hakusoma, lakini alimsomesha mwanawe. Wazazi wetu wasione haya kwa elimu waliyoikosa, ila wahakikishe watoto wanaipata.

Pili, urafiki unaojengwa juu ya uadui wa wengine hufa siku wanapopatana. Wafaransa walimtaka Tipu kwa sababu ya Waingereza.

Tatu, Tipu aliandika barua Paris, Istanbul na Mauritius, na huku majirani zake walikuwa upande wa adui. Lau nusu ya juhudi hiyo angeipeleka kwa jirani na kwa raia aliowaumiza, huenda siku ile asingelikuwa peke yake ukutani.

Mwenyezi Mungu amsamehe makosa yake na amrehemu, na atujaalie sisi kupatana na walio karibu yetu kabla ya kutafuta marafiki wa mbali. Amin.